Habari ya Kupiga Chapa kwa Rangi Nyingi

Maneno yaliyosemwa na katekista mmoja mbele ya walimu, wazee wa kanisa na wanakwaya, Tukuyu



Nimeombwa niseme nanyi habari ya kupiga chapa, na hasa jinsi picha yenye rangi nyingi inavyotokea juu ya karatasi. Labda mtu atauliza: Habari hii yatufaa nini sisi wa Rungwe, watu wa migomba na chai? Namjibu hivi. Mwaka wa jubilei ni mwaka wa kuagiza. Kalenda huagizwa, na kadi, na vijitabu, na vitenge vya akina mama. Nazo fedha za kuagizia hazitoki mbali. Zimetoka katika mikungu ya ndizi iliyobebwa kichwani mpaka barabarani, na katika majani ya chai yaliyochumwa asubuhi kabla umande haujakauka. Basi yeye aliyekabidhiwa fedha hizo azitumie kwa niaba ya wenzake, imempasa akijue anachokinunua. Tena asiyejua namna rangi zinavyopigwa aweza kupokea noti ya bandia sokoni, akarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo nitasema kwanza jinsi kazi hii inavyofanyika, kisha jinsi ya kuikagua.

Tuanze na kitabu ambacho wote mmekiona mezani pa altare, yaani misale. Ndani yake mna maandiko meusi na maandiko mekundu: meusi ni maneno yasemwayo, na mekundu ni maagizo ya yale yatendwayo. Maagizo hayo huitwa rubrika, na neno hilo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya wekundu. Hapo kale, vitabu vilipokuwa vikiandikwa kwa mkono, mwandishi alishika kalamu ya wino mweusi, na akimaliza alishika kalamu ya wino mwekundu. Kazi ilikuwa nyepesi kwa kuwa mkono huona pa kwenda. Lakini mtambo hauna macho.

Johannes Gutenberg wa mji wa Mainz, katika nchi ya Ujerumani, alipopiga chapa Biblia yake yapata mwaka wa 1455, alijaribu kupiga vichwa vya habari kwa wino mwekundu katika kurasa chache za kwanza. Kisha akaacha, akawaachia waandishi wa mkono nafasi tupu wazijaze wenyewe. Mwaka wa 1457, katika mji uo huo, Johann Fust na Peter Schöffer walitoa Zaburi yenye wino mweusi, mwekundu na wa buluu, yote kwa mtambo. Herufi kubwa za kuanzia walizitengeneza kwa vipande vya chuma vinavyoingiana. Kila kipande kilipakwa wino wake peke yake, kisha vikarudishwa pamoja, ndipo ukurasa ukakandamizwa. Katika kazi hiyo ya kale twaona sheria mbili ambazo hazijabadilika hata leo. Ya kwanza: kila wino una bamba lake, wala haumwingilii mwenzake. Ya pili: kila wino lazima uanguke mahali pake hasa, si kando yake. Zishikeni sheria hizo mbili, maana mengine yote yanafuata hapo.

Katika nchi zetu hizi mtambo wa chapa ulikuja pamoja na misioni. Unguja, Edward Steere, aliyefika mwaka wa 1864 na baadaye akawa askofu, alipiga chapa maandiko ya Kiswahili pamoja na vijana waliokombolewa utumwani. Baadaye mitambo ikasimama Vuga katika milima ya Usambara, na Tabora, na Peramiho. Wengi wetu tulijifunza kusoma katika vitabu vilivyotoka huko. Vingi vilikuwa vya wino mweusi tu, na rangi, kama ilikuwapo, ilikuwa juu ya jalada.

Sasa tuje kwenye ajabu yenyewe. Ikiwa kila rangi ina bamba lake, basi picha ya bustani ya chai ya Rungwe, yenye kijani cha namna ishirini, na udongo, na ukungu, na kanga za wachumaji, ingehitaji mabamba mangapi? Na kweli zamani wapiga chapa wa picha walifanya hivyo. Mwaka wa 1837 Godefroy Engelmann wa Mulhouse, katika Ufaransa, alipata hati ya kulinda ufundi wake wa kupiga rangi kwa mawe, jiwe moja kwa kila rangi. Picha nzuri za namna hiyo zilipigwa kwa mawe kumi, au hata zaidi ya ishirini. Picha nyingi kubwa za habari za Biblia walizotundika wamisioni wa kale ukutani zilipigwa kwa ufundi huo. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa mno.

Njia nyingine ilikuwa imekwisha kuonekana miaka zaidi ya mia kabla yake. Isaac Newton wa Uingereza alionyesha ya kuwa mwanga mweupe wa jua una rangi zote ndani yake. Ninyi mliosimama karibu na maporomoko ya maji jua likiwaka mmeona jambo hilo: matone hupasua mwanga, na upinde wa mvua hutokea. Akatokea Jacob Christoph Le Blon, aliyezaliwa Frankfurt, naye akafikiri hivi: ikiwa rangi zote zimo katika mwanga, nami nikipata wino wa namna chache unaopunguza mwanga huo kwa kipimo, naweza kutoa rangi zote. Mwaka wa 1719 alipewa hati Uingereza kwa ufundi wake wa kupiga picha kwa mabamba matatu: la buluu, la manjano na jekundu. Baadaye aliongeza la nne, la wino mweusi.

Angalieni neno hili, “kupunguza.” Karatasi nyeupe huturudishia mwanga wote. Wino ni kama chujio: huuzuia mwanga wa namna moja na kuuachia mwingine. Wino wa manjano huzuia mwanga wa buluu. Wino wa samawati, yaani buluu inayoelekea kijani, huzuia mwanga mwekundu. Na wino wa tatu, ambao wapiga chapa huuita majenta, wenye wekundu unaoelekea zambarau, huzuia mwanga wa kijani. Weka manjano juu ya samawati: buluu imezuiwa, nyekundu imezuiwa, kimebaki kijani, hilo ndilo jani la chai. Weka manjano juu ya majenta: kimebaki chekundu. Kwa sababu hiyo mpiga chapa wa leo hatumii wekundu wa damu wala buluu iliyoiva kama alivyofanya Le Blon, kwa kuwa kila mmoja wao huzuia mwanga wa namna mbili kwa mara moja, ukaharibu nafasi ya mwenzake.

Ukiweka wote watatu pamoja, ingekuwa mwanga wote umezuiwa na weusi umetokea. Lakini wino wa kiwandani si safi kamili, na kitokeacho ni rangi ya tope la masika. Ndiyo sababu mweusi huongezwa. Huo huutia picha uzito katika vivuli, huokoa wino mwingine ulio ghali, tena huandika herufi, maana herufi ndogo iliyojengwa kwa wino wa namna tatu ingekuwa na kingo zenye ukungu. Wapiga chapa huziandika hizo nne kwa herufi C, M, Y na K: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Mkiziona herufi hizo kando ya karatasi, mmejua maana yake.

Swali moja limebaki. Wino wa samawati ni mmoja, tena mtambo haujui kuuzimua kwa maji kama mpakaji anavyozimua chokaa. Basi rangi hafifu ya mbingu hutoka wapi? Hutoka katika nukta. Picha yote hugawanywa kuwa nukta ndogo sana: mahali pa rangi nzito nukta ni nene hata zinagusana, na mahali pa rangi hafifu nukta ni nyembamba, na weupe wa karatasi huonekana katikati yake. Jicho halizioni moja moja, huchanganya wino na weupe, likasema, “Hii ni samawati hafifu.” Katika kazi nzuri mistari ya nukta hufika 150 katika inchi moja, katika magazeti ni kama 85 au 100 tu, kwa sababu karatasi ya gazeti hunyonya wino na nukta hutanuka. Tena nukta za kila wino hupangwa kwa mshazari wake. Zikipangwa kwa mwelekeo mmoja, hugombana, na picha hutokea na mawimbi kama ya maji yaliyotupiwa jiwe.

Hesabuni basi. Tukichukua ngazi kumi za unene wa nukta kwa kila wino, wino wa namna mbili hutoa rangi 100, na wa namna tatu hutoa 1,000. Ndivyo mabamba manne yalivyoyashinda mawe ishirini.

Ajaye nyumbani na shaka achukue kioo cha kukuzia, akitazame kipande cha picha katika gazeti la rangi. Ataona manjano ya ndizi mbivu ina nukta chache za majenta katikati, na madoa yake meusi yana nukta za namna zote nne. Tena aifungue pakiti ya majani ya chai au boksi la dawa ya meno, autazame mkunjo wa chini: mara nyingi ataona miraba midogo au viduara vya rangi vimepangwa mstari. Hivyo si pambo. Ni alama za fundi, za kumwonyesha ya kuwa kila wino umefika na kwa kipimo chake.

Mtambo utumikao zaidi siku hizi, mkubwa kwa mdogo, hufanya kazi kwa uadui wa maji na mafuta. Mjerumani Alois Senefelder aliugundua ufundi huu juu ya jiwe katika miaka ya mwisho ya 1790, naye mama yeyote aliyeona mafuta yakielea juu ya mchuzi anaujua msingi wake. Bamba jembamba la alumini hutengenezwa hata mahali pa picha pakapenda mafuta, na mahali patupu pakapenda maji. Hulowanishwa kwanza, kisha hupakwa wino, nao wino ni wa mafuta: hushika penye picha, hukimbia penye maji. Bamba halipigi karatasi lenyewe. Huupitisha wino kwenye mpira uliozungushiwa gurudumu, na mpira ndio unaoipiga karatasi. Katika mtambo mdogo wa wino mmoja, karatasi hupita mara nne, na kila mara fundi huosha magurudumu na kubadili bamba na wino. Katika mtambo mkubwa magurudumu ya namna nne husimama kwa mstari, karatasi ikapita mara moja tu.

Hapo ndipo sheria ya pili inapotujaribu sisi watu wa milimani. Karatasi ni nyuzi za mti, nazo hunywa unyevu hewani na kuvimba. Ninyi mnaijua mvua ya Tukuyu: chumvi hulowa ndani ya kopo, na daftari la ubatizo hujikunja likisahauliwa mezani. Karatasi iliyopigwa samawati leo, ikaachwa wazi usiku wa mvua, kesho haina upana ule ule. Mtasema, Milimita moja ni nini? Pigeni hesabu: nukta 150 katika inchi moja maana yake ni kwamba milimita moja hubeba nukta kama sita. Wino ukikosea milimita moja umeruka nukta sita, na midomo ya mtu katika picha imehamia shavuni. Kwa hiyo fundi mwema huifunika karatasi yake, huiacha izoee hewa ya chumba cha mtambo kabla ya kuianza, wala haikawizi kati ya wino na wino.

Nimeyaona matokeo ya kutofanya hivyo. Katika parokia moja wazee waliagiza kalenda, na watu walikuwa wamechanga kwa miezi mitatu. Kalenda zilipokuja, uso wa Bikira Maria ulikuwa na ukingo mwekundu upande mmoja na ukingo wa buluu upande wa pili, na herufi za tarehe zilisomeka kama mtu aonaye mbili mbili. Wazee waliona ubaya, lakini hawakuwa na neno la kuusemea. Yule mpiga chapa akawaambia, “Ndivyo mashine ilivyo,” nao wakamlipa salio lote. Kalenda nyingi hazikununuliwa. Zikarudi stoo, na mfuko wa parokia ukabaki na deni. Laiti mmoja wao angaliweza kusema, “Bwana, mabamba yako hayakulingana, majenta imekimbilia kulia,” mazungumzo yangalikuwa mengine. Mwenye kulitaja kosa kwa jina lake hafukuzwi mlangoni.

Habari ya vitenge na kanga ni nyingine kidogo. Nguo nyingi za namna hiyo hazijengwi kwa nukta za wino wa namna nne. Kila rangi hupigwa nzima, kwa kitambaa chake cha kuchujia au kwa gurudumu lake. Kanga ya kale ya mwambao ilitosheka na nyeusi na nyekundu juu ya nyeupe, na uzuri wake haukupungua. Basi akina mama wanaochagua kitenge cha jubilei wakumbuke ya kuwa kila rangi wanayoongeza ni kitambaa kimoja zaidi cha kuchujia, na zamu moja zaidi ya mtambo, na gharama yake. Rangi tatu zilizochaguliwa vizuri hushinda saba zinazogombana. Tena picha ya uso wa mtu, iliyo nzuri katika kalenda, si lazima itoke vizuri katika kitenge, maana ufundi wake si mmoja.

Sasa nitoe maagizo machache kwa wale watakaotumwa kuagiza.

Kwanza, ulizeni ni wino wa namna ngapi. Kijitabu cha maandiko hakihitaji namna nne. Nyeusi na nyekundu zimetosha misale kwa karne nyingi. Zaweza kutosha ratiba ya sherehe.

Pili, msiihukumu rangi kwa kioo cha simu. Simu hutoa mwanga wake yenyewe, mwekundu na wa kijani na wa buluu, nayo huongeza mwanga juu ya mwanga. Karatasi hupunguza mwanga wa jua. Rangi nyingine zing'aazo katika simu haziwezekani kwa wino wa namna nne hata fundi angekuwa nani.

Tatu, mpeni picha kamili. Picha ya kupigwa chapa yataka vijinukta kama 300 katika kila inchi ya ukubwa wake wa mwisho. Picha iliyopitishwa kwa WhatsApp mara nyingi imepunguzwa njiani. Machoni ni nzuri, katika karatasi kubwa ni chembechembe.

Nne, dai nakala ya kujaribia kabla ya kazi nzima, uitazame mchana nje, si chini ya taa. Tazama kingo za herufi nyeupe zilizo ndani ya rangi, na kingo za nyuso. Zikiwa na ukingo wa rangi ngeni, wino haujalingana. Kisha tieni sahihi juu ya nakala iliyo njema, mkubaliane kwa maandishi ya kuwa kazi yote itafanana nayo, na salio litalipwa baada ya kulinganishwa. Kuuliza si ujinga, na kuandikiana si kutoaminiana.

Neno la mwisho ni la soko. Noti za Benki Kuu ya Tanzania hazikupigwa kama kalenda. Michoro yake myembamba ni mistari mizima ya wino wa rangi yake hasa, na sehemu nyingine hupigwa kwa bamba lililochongwa kwa kina, hata wino husimama juu ya karatasi na kidole huusikia. Lakini mwenye kuiga noti kwa mashine ya ofisini hana wino ule. Ana hizi hizi za namna nne. Basi mchukue noti ya shilingi 10,000, ile yenye tembo, mwitazame kwa kioo cha kukuzia. Ya kweli ina mistari isiyokatika. Ya mashine ya ofisini ina nukta za samawati, majenta na manjano zilizotawanyika. Tena iinueni juani, mtafute sura ya Mwalimu Nyerere iliyo ndani ya karatasi yenyewe, ambayo si kazi ya wino hata kidogo. Mama auzaye ndizi au parachichi kwa tajiri apitaye na gari, akipewa noti moja ya bandia, amepoteza kazi ya siku nzima, na benki haitamlipa. Akiwa na shaka asiipokee. Naye aliyekwisha kuipokea asimpe jirani, bali aipeleke polisi, maana kumtwika mwenzako hasara yako ni kuiba kwa mkono wa pili.

Ndugu zangu, nimesema habari za vitu vidogo: nukta usiyoiona, milimita moja ya karatasi, kiduara katika mkunjo wa pakiti. Lakini fedha za watu hupotea katika vitu vidogo kama hivyo. Kioo kidogo cha kukuzia si ghali. Naomba kila parokia inunue kimoja, kikae kwa mhazini pamoja na daftari la michango, na kila atumwaye kuagiza kazi ya chapa aende nacho.

Wenye maswali waje. Nimeleta kioo, na gazeti, na pakiti ya chai.